Zamu ya Ledama

"Ledama hapokei?"

"Inaita mpaka inakata yenyewe."

"Basi mwache. Haya, mimi nimeshaingia msituni. Sasa nini?"

Hilaria aliweka simu kifudifudi juu ya mashine ya fotokopi. Ilikuwa Ijumaa mchana, jua la Korogwe limefukuza wateja wote, na ndani ya duka la stationery walikuwa wawili tu: yeye aliyeajiriwa hapo, na rafiki yake Dorkasi, msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, aliyemwacha mteja chini ya draya na kumwambia anakuja sasa hivi.

"Unasikia ngoma mbele yako," Hilaria alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Unafanya nini?"

"Narudi nyumbani."

"Dorkasi."

"Si umeniambia nijaribu kuuharibu mchezo wako? Nimesikia ngoma ya mizimu porini, narudi nyumbani. Mwenye akili gani anaifuata?"

Hilaria alifikiri kidogo. "Ukigeuka, njia uliyojia haipo tena."

"Hapo sawa. Hapo naendelea."

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, huchezwa mezani lakini hauna ubao. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anajitungia mhusika wake: mganga, shujaa, mwizi, atakavyo. Msimulizi anasema umefika mahali fulani, pana jambo fulani, unafanya nini? Unajibu. Pakiwa na mashaka kama utaweza, unarusha dadu, na dadu haina undugu na mtu. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliwafundisha walipokuwa kidato cha tano, wanne tu waliopenda: Hilaria, Dorkasi, Semboja na Ledama. Mwalimu akaondoka, mchezo ukabaki. Dadu waliziiba kwenye ludo ya bweni.

Safari hii Hilaria alikuwa anaandaa hadithi ya kikao kimoja. Inaanza kesho mchana, jioni imekwisha, na wahusika wake hawarudi tena. Hadithi ya namna hiyo haina nafasi ya kuzurura. Kijiji, msitu, mto, basi.

"Na mtoni kuna nini?" Dorkasi aliuliza.

"Ukungu unawatenganisha. Kila mmoja anafika mtoni peke yake na kile anachokithamini kuliko vyote. Kuna chelezo, kinavuka mara moja tu. Na kuna msichana amekaa ukingoni na kibuyu, anaomba kuvushwa. Ama uvushe mali yako, ama umvushe yeye."

"Anaitwa nani?"

"Chausiku. Ila jina halitaji mpaka afike ng'ambo. Analisikia aliyemvusha tu."

Dorkasi alisogeza kiti karibu.

"Hila, huo si mchezo. Huo mtihani."

"Ni mchezo."

"Unampima Ledama."

"Nawapima wote wawili. Baba kaniuliza tena jana. Keshokutwa Jumapili, baada ya misa, washenga wa Semboja wanakuja. Anataka kujua atawajibu nini, na mimi sina jibu. Nimechoka, Dorkasi. Nikilala nimechoka, nikiamka nimechoka."

"Mtu anaulizwa, shoga yangu. Hapimwi."

"Nimeuliza miaka minne. Jibu ni lile lile: nipe muda."

Huo ndio ulikuwa ukweli. Ledama ni mtoto wa wafugaji wa Handeni, upande wa kule nyanda kavu. Ukame ulipopita kwao uliacha mifupa, na tangu hapo alikuwa anahangaika kuliinua tena zizi la baba yake, mzee Keriako, huku akisimamia mnada wa mifugo kwa niaba ya ndugu zake. Anampenda Hilaria, hilo hata kipofu analiona. Lakini simu zake zinapokelewa kwa kubahatisha, na kila anapoguswa habari ya kuja kwa wazee, anasema nipe muda. Semboja, mwalimu wa hesabu kule Kwashemshi, hajawahi kusema nipe muda. Anapokea simu kabla haijaita mara mbili.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Ledama: "Nilikuwa malishoni, mtandao hakuna. Kesho nakuja. Nikuletee nini?"

Hilaria alisoma, akacheka bila furaha.

"Mjibu," Dorkasi alisema.

"Nimjibu nini? Niletee wewe?"

Dorkasi aliinuka. Alirudi saluni kwa mteja wake, na njiani alitoa simu yake akampigia mtu. Hilaria hakumwona. Alikuwa anakata karatasi za wahusika, taratibu, kama mtu anayemenya viazi vya msiba.

*

Jumamosi walikaa barazani kwa kina Hilaria, kule Hale. Baba yake, mzee Deogratius, mjukuu wa mkata mkonge aliyekuja kutafuta kazi akaishia kuzikwa huku, aliwapisha kwa heshima yote, akaenda kulisha kuku wake nyuma ya nyumba. Hakupata kuuelewa mchezo ule. Alisema ni watu wazima wanaodanganyana kwa zamu.

Ledama alifika wa mwisho, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ametoka Chanika ya Handeni kwa pikipiki. Alimwendea mzee kwanza, akainamisha kichwa aguswe, kama kwao wanavyosalimu, kisha akasema shikamoo kama wengine wote.

"Samahani nimechelewa," alimwambia Hilaria.

"Nimezoea."

Semboja alivuta kiti karibu na msimulizi. "Tuanze, jamani. Mimi leo mpiga ngoma. Ngoma yangu ya urithi, nikiipiga wafu wanaamka."

"Mimi mganga," Dorkasi alisema, macho chini.

"Mimi mchunga ng'ombe," Ledama alisema.

Wakamcheka. "Kila mara! Mchezo una majini, una majoka yenye vichwa saba, wewe mchunga ng'ombe!"

"Majoka nayo yatataka maziwa."

Hata Hilaria alitabasamu, na kwa saa moja na nusu uchovu ulimpa likizo. Alikuwa msimulizi mzuri. Kijiji kilikuwa na kisima kinachokohoa. Msituni Dorkasi aliponya nyani mwenye jino bovu, Semboja alirusha dadu vibaya akaangukia kwenye shimo la nungunungu, na Ledama akamtoa kwa mkia wa ng'ombe. Walicheka kama wakati ule wa bwenini.

Kisha ukungu ukashuka.

"Sasa mko peke yenu," Hilaria alisema, na sauti yake ikabadilika. "Dorkasi."

Dorkasi alimvusha msichana haraka haraka bila kuuliza chochote, kama anayetaka yaishe.

"Semboja. Mbele yako mto umefurika. Kuna chelezo, kinavuka mara moja tu. Kuna msichana ana kibuyu, anaomba kuvushwa. Chelezo kinabeba yeye, au ngoma yako ya urithi."

Semboja hakuvuta hata pumzi. Alisimama, akanyoosha mkono kwa kiti kitupu mbele yake.

"Ngoma naitupa mtoni. Ngoma ni kitu gani? Chausiku, panda twende. Mwanamke hawekwi kwenye mizani na mali."

Yalikuwa maneno mazuri, na Hilaria alikuwa hajaambiwa maneno mazuri siku nyingi. Macho yalimjaa maji. Akageukia upande wa pili.

"Ledama. Mto ule ule. Msichana, au ng'ombe wako."

"Chelezo gani kinabeba ng'ombe wote?"

"Cha kichawi."

"Ng'ombe wanaweza kuogelea?"

"Kuna mamba."

"Mto una upana gani? Maji yanakwenda kasi upande upi?"

"Ledama, chagua."

"Nauliza tu. Kuna mawe katikati?"

"Kuna mawe. Chagua."

Ledama alikuna kidevu, akautazama ule mto asiouona mtu mwingine.

"Navusha ng'ombe."

Dorkasi alifumba macho.

"Na msichana?" Hilaria aliuliza polepole.

"Msichana asubiri."

Hilaria alikusanya dadu zake mezani. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Hadithi imekwisha," alisema. "Asanteni kwa kuja."

*

Alimfuata Ledama mpaka kwenye pikipiki, si kwa kumsindikiza.

"Asubiri," alisema. "Hata kwenye mchezo, Ledama. Hata kwa msichana wa kutunga."

"Umekasirika kwa sababu ya mchezo?"

"Nimekasirika kwa sababu umesema kweli."

"Hukunipa zamu yangu."

"Zamu gani? Chelezo kinavuka mara moja!"

"Chelezo, ndiyo. Mimi je? Ng'ombe wakishafika ng'ambo, zamu inayofuata narudi kumfuata. Kwa nini nilikuuliza mawe? Kwa nini nilikuuliza maji yanakokwenda?"

"Na mamba?"

"Ningerusha dadu."

Ledama aliweka kofia ya pikipiki chini.

"Sikiliza. Kwetu ukivusha kundi, mifugo kwanza, mchungaji mwisho. Tangu utotoni ndivyo tunavyofundishwa. Ng'ombe ukimwacha ukingoni haelewi, atatawanyika, ataliwa. Mtu ukimwambia subiri, anaelewa. Na nikimvusha yule msichana halafu nifike kwa baba yake sina hata ndama, nitasimama vipi? Nitasema nampenda? Hayo ni maneno, Hilaria. Kila mtu ana maneno."

"Kwa hiyo miaka minne yote mimi ndiye ninayeelewa."

"Ndiyo. Wewe unaelewa."

"Nimechoka kuelewa, Ledama."

Alilisema taratibu, bila kupandisha sauti, na Ledama aliinua uso kama aliyepigwa.

"Nimechoka kuwa mwenye akili. Ungenifanya ng'ombe siku moja tu, uogope kwamba ukiniacha ukingoni nitapotea." Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho washenga wa Semboja wanakuja kwa baba."

"Semboja yupi? Huyu?"

"Huyu."

Ledama alitazama barazani, ambako Semboja alikuwa anakunywa chai kwa utulivu wa mtu aliyekwisha fika kwake. Kisha akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaondoka kurudi Handeni. Hilaria alibaki akilitazama vumbi mpaka likatua.

*

Jioni, anaosha vikombe, ndipo jambo lilipomjia. Alisimama na kikombe mkononi, maji yanamwagika.

Chausiku, panda twende.

Yeye hakulitaja jina lile mezani, hata Dorkasi alipovuka; Dorkasi alikuwa analijua tangu jana yake. Alirudia kichwani sentensi moja moja. Alisema msichana. Alisema msichana mwenye kibuyu. Jina ni zawadi ya ng'ambo, na Semboja alikuwa bado ukingoni.

Alipiga simu.

"Dorkasi, ulimwambia."

Nyuma yake draya ilikuwa inanguruma.

"Ulimwambia Semboja swali na jibu lake."

"Nilimwambia," Dorkasi alisema mwishowe. "Nisamehe. Nilikuwa nakuona unavyokonda. Nikasema kama mtihani ndio utakaokutoa hapo, basi afaulu yule anayepokea simu. Nilitaka tu upumzike, Hila."

"Ukaniozesha kwa majibu ya kuibia."

"Semboja si mtu mbaya."

"Sijasema ni mbaya. Kesho njoo unisuke, nitakuwa bado nimekasirika. Usiku mwema."

Semboja alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Malkia wangu."

"Mwalimu Semboja, mwanafunzi ukimkuta na majibu mfukoni unamfanyaje?"

Alielewa upesi, akili hakukosa. "Hilaria, ule ni mchezo."

"Kweli. Ndiyo maana nakuuliza hesabu. Unamfanyaje?"

"Namfutia matokeo."

"Haya."

"Lakini nisikilize. Kosa langu ni kutaka kushinda? Yule amekuweka kiporo miaka yote. Mimi nilijua unachotaka kusikia, nikakisema."

"Ulikisema, na nililia. Nilidhani kimetoka kwako." Hilaria alikaa kwenye kigoda cha jikoni. "Ningeolewa na wewe, Semboja. Nilikuwa nimeshaamua pale pale mezani. Halafu siku ya shida ya kweli, nani angekuvujishia jibu?"

Semboja alipumua kwa nguvu.

"Nitawaambia wazee wasije," alisema. "Afadhali habari waisikie kwangu."

"Asante. Hilo hakuna aliyekufundisha."

Kisha akaandika ujumbe kwa Ledama, akaufuta, akauandika tena: "Hadithi sijaifunga. Zamu yako bado ipo." Hakusema kama washenga wanakuja au hawaji. Akautuma Handeni.

Haukujibiwa. Hakushangaa. Alikwenda kumwambia baba yake kwamba kesho hakuna mgeni, akalala na nguo zake.

*

Jumapili baada ya misa mzee Deogratius alikuwa amekaa barazani na koti lake la harusi za watu, viti vimepangwa, soda ziko kwenye ndoo ya maji.

"Baba, nilikwambia hawaji."

"Nilisikia. Viti nilishaazima. Nitavirudishaje kabla havijakaliwa? Watu wataniuliza."

"Tutakaa sisi."

"Basi kaa."

Wakakaa wawili katikati ya viti vitupu, baba na binti, wakanywa soda. Mzee hakumuuliza kitu. Alikuwa amechoka na yeye, ila uchovu wake ulikuwa na adabu.

Ndipo pikipiki ikasimama nje. Walishuka wawili: Ledama, na baba yake mdogo, mzee Metito, mwenye shuka jekundu na fimbo, na uso wa mtu aliyeletwa kwa nguvu. Ledama aliviona viti, akaviona vimepangwa kwa ajili ya wageni, akajua ni vya nani. Akaja hivyo hivyo. Akainamisha kichwa mbele ya mzee, akaguswa, akarudi nyuma ya mzee Metito akasimama, maana mwoaji haongei.

"Karibuni," mzee Deogratius alisema. "Mmekuja kwa heri?"

Mzee Metito alikohoa. "Kwa heri, ndugu yangu. Lakini naona aibu. Sisi kwetu hatuendi hivi. Ukimwendea mtu kwa ajili ya binti yake, unatanguliza mifugo, halafu ndiyo mdomo unafuata. Huyu kijana jana alirudi, akamwambia baba yake, kaka yangu Keriako, kwamba anakuja leo mikono mitupu. Baba yake kakataa kupanda pikipiki. Kasema nenda wewe Metito ukaaibike. Basi nimekuja kuaibika."

"Wengine hawajafika?" Ledama aliuliza kwa sauti ya chini, akivitazama viti. Alikuwa amekuja kusimama mbele yao pia.

"Hawaji," Hilaria alisema, amekwisha hamia mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Ledama alimtazama, akaelewa kwamba ule ujumbe wake ulimficha jambo, akatikisa kichwa. Hakukasirika. Pengine alikuwa na furaha kidogo kwamba safari hii alipimwa kwa jambo la kweli, si kwa mchezo.

Mzee Deogratius aliweka chupa ya soda chini ya kiti.

"Mzee Metito, nani aliwaambia mimi nataka ng'ombe? Hebu tazama huu uwanja. Nikifunga ng'ombe hapa, kuku wangu wahamie wapi? Babu yangu alikuja nchi hii na panga la mkonge, akaoa na panga lile lile. Mimi nilikuwa nasubiri mtu anayekuja, basi. Miaka yote hii nasubiri huyu kijana aje aseme. Angekuja na kuni ningemkaribisha."

Mzee Metito alimgeukia Ledama polepole. Akasema neno moja la Kimaa ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

"Kaeni," mzee Deogratius alisema. "Viti nimeazima."

Wakakaa. Ilibidi mtu aseme kitu, na wazee walikuwa wanavuta pumzi, basi Hilaria akakiuka mila ya pande zote mbili akamuuliza mwenyewe.

"Ng'ombe wako wapi, Ledama?"

"Nimewaacha."

"Umewaacha na nani?"

"Na ndugu yangu. Leo asubuhi ilikuwa tuwahamishie malisho mapya ng'ambo ya korongo. Sikuwavusha."

"Na ukawaambiaje?"

Ledama aliutazama uwanja wa kuku, kisha akamtazama yeye. Ilionekana hakulala.

"Nimewaambia wasubiri."

Hilaria alijishika kwenye mwimo wa mlango. Kicheko na kilio vilimjia pamoja na hakujua aanze na kipi.

"Si ulisema ng'ombe haelewi akiambiwa subiri?"

"Watajifunza," Ledama alisema. "Ni zamu yao."

Hilaria aliingia jikoni kuchemsha chai. Alilia kidogo huko, akapiga uso maji, akatoka na vikombe vinne.